Mbegu ya ngazi: usinunue kwa macho



Katika kazi yetu ya sendika kuna siku moja tunaijua sana. Kontra imeisha, ao kampuni imepunguza watu, na mutumikaji anatoka mu biro na dekonte finale mukononi. Juma haijaisha, amekwisha kupata washauri. Wa kwanza anamwambia anunue motokari ya taksi. Wa pili anamwambia ajenge nyumba ya kupangisha. Wa tatu, mara nyingi ni shemeji ao rafiki wa zamani, anamwambia: «Rudia ku mugini, panda ngazi. Hakuna siku watu wataacha kula mafuta.»

Shauri la huyu wa tatu haiko mubaya. Muti wa ngazi unaanza kuzaa miaka 3 ao 4 kisha kupandwa shambani, na ukitunzwa vizuri unalipa mupaka miaka 25. Lakini angalia hesabu upande wa pili. Ukikosea mbegu ya muhindi, umepoteza musimu moja. Ukikosea mbegu ya ngazi, utajua kosa lako kisha miaka 4, wakati dekonte imekwisha kuliwa na watoto wako wanafukuzwa masomo juu ya minerval.

Ninasema hivi sababu kosa hilo tulilifanya katika jamaa yangu, na mimi njo niliyelitilia sahihi.

Yaya na miti 429

Yaya yangu alitumika chini ya udongo miaka 19, kazi ya kutoboa mawe. Alipolipwa aliamua kurudia upande wa Kongolo, fasi wazazi wetu walituzalia. Nilimusindikiza mu treni, sababu mimi ni delege, nimesoma mupaka diplome ya Serikali, na jamaa ilisema: «Enda naye, wasimudanganye.»

Kulikuwa mutu mumoja mwenye pepinieri kando ya maji. Miche yake ilikuwa mizuri, majani mapana, kijani kabisa. Bei ilikuwa nusu ya ile ya mbegu yenye karatasi. Mimi nilijiona mujanja. Nikamwambia: «Kwanza tuonyeshe miti yenye ilizaa hii miche.» Hakukataa. Akatupeleka mu shamba la zamani, akaangusha mukungu. Nikaomba panga, nikakata tunda katikati: nyama nene, ganda nyembamba. Ilikuwa tenera, ile aina kila mutu anasifu. Nikamwambia Yaya: «Njo yenyewe. Nunua.»

Alipanda ekitari 3, miti 429. Alilima, alipalia, alilinda miche na panya. Mwaka wa 4 alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mutu aliyechoka. «Delege, kuna miti haizae. Na ile haizae njo mirefu na mizuri kuliko yote.»

Nilienda. Tulipita muti kwa muti na rangi nyeupe, pamoja na agronomu wa pale. Miti 31 ilikuwa imekufa. Katika 398 iliyobaki, 197 ilikuwa tenera, 104 dura, na 97 ilikuwa inaweka maua mingi ya kike, lakini mikungu inaoza mbele ya kuiva. Agronomu alicheka kidogo, haikuwa kicheko cha kutuchekelea. Akasema: «Hii si uchawi. Ni hesabu. Hata ningekuwa nimelala Kinshasa ningewaambia mutapata hivi.»

Tunda moja, aina tatu

Kama unataka kuelewa, kata tunda la ngazi kwa upana, hapana kwa urefu. Utaona nyama ya rangi nyekundu ao ya manjano, ndani yake ganda gumu, na ndani ya ganda kiini cheupe, ile tunaita mise. Mafuta ya ngazi yanatoka mu nyama. Ganda halina mafuta, ni kuni tu.

Dura iko na ganda nene, kutoka milimetre 2 mupaka 8. Nyama yake ni kidogo, mara nyingi nusu ya tunda ao chini. Wazee wetu walikula dura miaka yote, na mingi ya ngazi za pori ni dura.

Tenera iko na ganda nyembamba, nyama nene, na alama moja yenye haidanganye: ukikata, unaona duara ya nyuzi nyeusi inazunguka ganda. Dura haina ile duara.

Pisifera haina ganda. Unaweza kufikiri njo bora, nyama tupu. Lakini pisifera mingi ni tasa upande wa kike. Inakua kwa nguvu, inapita ndugu zake kwa urefu, inatoa maua, halafu mukungu unaoza. Njo ile miti mizuri ya Yaya.

Sisi watu wa mine tunaelewa jambo hili upesi. Tani ya mawe ni tani, lakini teneri ya shaba ndani njo inalipa. Kilo 100 za mikungu ya dura, katika kiwanda kizuri, zinatoa mafuta karibu kilo 16 ao 17. Kilo 100 za tenera zinatoa 20, 22, na hata kupita. Malaksere ya mugini inatoa kidogo kuliko kiwanda, lakini tofauti kati ya dura na tenera inabaki. Mutu anabeba uzito uleule kichwani, anatumia kuni zile zile, na mwisho jirani yake anajaza bido mbele yake.

Siri ilifunguliwa hapa kwetu

Watu wengi hawajui kwamba hesabu ya ngazi ilipatikana katika Kongo. Yangambi, kando ya muto Kongo, upande wa magharibi wa Kisangani, kulikuwa kituo kikubwa cha INEAC, shirika la utafiti wa kilimo lililoundwa 1933. Leo ni INERA. Walipanda pale mbegu za tenera nzuri zilizotoka bustani ya Eala, karibu na Mbandaka, fasi kulikuwa muti mumoja wenye sifa waliouita Djongo. Walitegemea tenera kuzaa tenera. Shamba likawatolea aina tatu.

Mwaka wa 1941 Beirnaert na Vanderweyen waliandika jibu. Tenera haiko kabila lake mwenyewe. Ni mutoto wa ndoa: mama dura, baba pisifera. Dura inaleta neno la ganda nene, pisifera inaleta neno la ganda hakuna, mutoto anabaki katikati, ganda nyembamba. Ukioanisha dura na pisifera, watoto wote ni tenera, wote. Lakini ukioanisha tenera na tenera, kila muzazi anatoa neno moja tu kati ya mawili aliyo nayo, na watoto wanagawanyika: katika 4, mumoja dura, wawili tenera, mumoja pisifera.

Fanya hesabu ya ekitari moja. Kwa nafasi ya metre 9 kati ya miti, kwa pembe tatu, inaingia miti 143. Ukipanda watoto wa tenera na tenera, utapata karibu 71 tenera, 36 dura na 36 pisifera. Robo ya shamba inakula mbolea na jasho lako bule. Kama tenera ile ilikuwa imezungukwa na dura, pisifera haitatoka, lakini nusu ya watoto watakuwa dura. Basi linganisha na shamba la Yaya: 197, 104, 97. Agronomu hakukuwa nabii. Alikuwa amesoma tu.

Vitabu vinaandika majina ya mabwana wawili. Mimi kama mutu wa sendika ninafikiria pia wale waliopanda juu ya miti kufunga maua ndani ya mifuko na kuleta unga wa maua dume, mwaka kwa mwaka. Bila mikono yao, hakuna hesabu. Malezia na Indonezia walichukua ile elimu, leo njo wakubwa wa mafuta ya ngazi duniani, na sisi tunakuta mafuta ya kwao katika magazini yetu.

Ganda la mbegu linadanganya

Hapa sasa ndipo nilipoanguka, na wengi wanaanguka pale pale. Yule mutu wa pepinieri hakutuambia uongo. Mama ya miche ilikuwa tenera ya kweli. Shida ni kwamba sikuuliza baba ni nani, na sikujua kwamba mama ya mbegu nzuri haipaswi kuwa tenera.

Mbegu ya tenera yenye kuuzwa na kituo cha kweli imezaliwa na mama dura. Na ganda la mbegu ni nguo ya mama, haiko nguo ya mutoto. Kwa hiyo mbegu ya kweli, ile itakayokupa shamba la tenera tupu, iko na ganda nene. Mutu akikuonyesha mbegu za ganda nyembamba na kusema «hii ni mbegu ya tenera», sema asante na endelea na njia yako. Ni mbegu zilizookotwa chini ya tenera.

Lakini ganda nene peke yake halitoshi, sababu dura ya pori pia iko na ganda nene. Na miche mudogo hauwezi kuupima kwa macho: dura, tenera na pisifera zinafanana katika pepinieri. Mwaka wa 2013 watafiti wa Malezia na Marekani walipata neno lenyewe la ganda ndani ya muti, na leo laboratware inaweza kupima jani. Sisi hatuna laboratware mu mufuko. Tuko na kitu kimoja tu: karatasi yenye kuonyesha mama na baba.

Namna ya kuchagua

Ya kwanza, fasi. Mbele ya kuuliza mbegu gani, uliza kama ngazi inakubali udongo na mvua ya kwenu. Ngazi inapenda mvua ya karibu milimetre 2000 kwa mwaka, iliyogawanyika vizuri, na kiangazi chenye hakipite miezi 3. Lubumbashi iko juu, metre zaidi ya 1200, Kolwezi inapita pale. Mvua yetu ni karibu 1200, na kutoka Mei mupaka Septemba ni jua na baridi ya usiku. Ndugu, usizike dekonte yako katika ngazi pembeni ya Likasi. Ni kweli watafiti walitafuta ngazi zenye kuvumilia baridi katika milima ya Bamenda, Kameruni, na pande za Kigoma. Lakini kuvumilia baridi haiko kuvumilia miezi 5 bila mvua. Upande wa Kongolo, Kabalo na Kalemie ngazi iko tangu wazee. Hata kule, chagua bonde lenye udongo wa kina, lenye maji karibu, lisilojaa maji.

Ya pili, ugonjwa. Hapa Afrika adui mukubwa ni fusariozi. Inatoka mu udongo, inaingia kwa mizizi, inaziba njia za maji ndani ya shina. Majani ya chini yanakauka na kulala kando ya muti sawa mwavuli uliofungwa. Iliandikwa mara ya kwanza hapa Kongo mwaka wa 1946. Hakuna dawa ya kunyunyizia yenye itaponyesha muti. Dawa ni mbegu yenye uvumilivu. Kwa hiyo muuzaji akisema «ni tenera», uliza swali la pili: «Inavumilia fusariozi?» Mbegu iliyochaguliwa Asia, fasi fusariozi haiko shida yao, inaweza kuwa na mafuta mingi na kufa kwako.

Ya tatu, urefu. Kuna mbegu inakua polepole kwa shina, na ingine inakimbia. Muti unaokimbia utakufukuza mbele ya wakati, sababu utakuwa muzee na hautaweza tena kuvuna juu. Mutu wa miaka 55 anayepanda leo, afikirie nani atapanda juu ya muti kisha miaka 15.

Ya ine, muuzaji. Kwa ndani ya nchi, INERA Yangambi njo nyumba ya kwanza ya ngazi, na SENASEM njo huduma ya Serikali inayosimamia mbegu. Inje kuna vituo vya zamani vya Afrika: La Mé katika Côte d'Ivoire, Pobè katika Benin, La Dibamba katika Kameruni. Kwa wale wa Kalemie, ngambo ya ziwa, Kigoma, kituo cha Kihinga kinatoa mbegu na miche ya tenera. Lakini mbegu ikivuka mupaka inahitaji karatasi ya afya ya mimea. Usiingize kwa pirogi usiku. Pamoja na mbegu utaingiza ugonjwa.

Ya tano, hesabu ya kununua. Kituo kinauza mbegu iliyokwisha kuota, sababu mbegu ya ngazi inalala. Wanaitia katika joto la karibu digre 39 ao 40 kwa miezi 2 na kupita, njo inaamka. Kwa ekitari moja usinunue 143. Nunua 180 mupaka 200, sababu katika pepinieri utatupa ile iliyokunjika, ile mifupi sana, ile yenye majani yaliyoshikana. Kutupa kunauma, lakini muche mubaya haubadilike tabia shambani.

Ya sita, wakati. Miezi 3 ao 4 ndani ya sashe ndogo, chini ya kivuli. Kisha sashe kubwa mupaka muche una miezi 10 ao 12. Kupanda shambani ni mwanzo wa mvua. Mwenye kutaka kupanda Oktoba, aombe mbegu mwaka mumoja mbele. Na kati ya miche, miaka 2 ya kwanza, panda karanga, maharagi ao muhindi. Ngazi haitakulisha mbele ya mwaka wa 4. Mwenye kukuambia vingine anataka feza yako.

Kwa wale watabaki huku kusini

Wengi hawatarudia kaskazini. Hapa kwetu mafuta yanaweza kutoka mu karanga, soya na alizeti. Na huku pia somo la baba na mama linafaa. Karanga inajizalisha yenyewe ndani ya ua lake: ukipata mbegu nzuri kama JL24, yenye kuiva kwa karibu siku 90, unaweza kuchagua mbegu katika mavuno yako na kuipanda tena bila kuharibika upesi. Soya ni vile vile. Lakini alizeti ya hibridi, sawa muhindi wa hibridi, usirudishe mbegu yake shambani. Watoto watagawanyika kama ngazi ya Yaya.

Jambo moja kwa sendika

Mutumikaji mumoja akiomba mbegu 600 kutoka mbali, usafiri unamumaliza. Watumikaji 10 wenye kutoka teritware moja wakiomba pamoja, karatasi inakuwa moja, usafiri unagawanywa, na muuzaji anaogopa kudanganya. Ninaomba kamiti zetu ziandike, mbele ya kila kupunguza watu, nani anataka kulima na wapi. Feza zisikae mukononi mwa delege, hata mimi. Zikae kwa watu watatu wenye kusaini pamoja, na risiti ionyeshwe kwa wote. Tulipigana juu ya ile dekonte, wengine walikaa inje ya kazi juu yake. Haifai iishie chini ya muti tasa.

Na Yaya? Alikata pisifera zote 97, hakubakisha moja. Dura aliziacha: mama wa nyumba anavunja mise yake na kuuza. Mbegu yenye karatasi ilifika mwaka uliopita, sasa miche iko ndani ya sashe kubwa, inangoja mvua ya Oktoba kuingia katika mashimo yale yale. Atakuwa na shamba zima, lakini miaka 5 nyuma ya wakati, na binti yake wa pili alikosa mwaka mumoja wa masomo.

Muke yake hakunikaripia. Siku ile ya kuhesabu, wakati nilikuwa ninasafisha rangi nyeupe mu vidole, alinipa maji na kuniambia tu: «Shemeji, siku ingine mbele ya kusema nunua, uliza.»